Ukungu wa kiyoyozi kinachovuja: jiki au siki, mwenyewe au fundi, kusafisha au kubomoa?

Doa jeusi likijitokeza ukutani chini ya kiyoyozi, karibu kila mtu huanza kwa kuuliza dawa ya kupaka. Mmoja atakwambia jiki, mwingine siki, na hakosekani wa kukwambia upige rangi juu yake yaishe. Kwa maoni yangu hilo ni swali la tatu. La kwanza ni maji yanatoka wapi na kama yamekatika. La pili ni ukungu umeota juu ya kitu gani. Ukishayajibu hayo mawili, dawa hubaki jambo dogo, na mara nyingine hutaihitaji kabisa. Nitalinganisha kwa mpangilio huo, ingawa najua wapo watakaoruka moja kwa moja hadi kwenye jiki.

Kutengeneza kwanza au kusafisha kwanza?

Kutengeneza. Mbegu za ukungu, yaani spora, zimo hewani katika kila nyumba, hata iliyo safi. Chakula chake ni vumbi, karatasi, mbao, hata utando wa rangi. Joto la chumba cha kawaida linautosha. Kitu pekee unachoweza kuunyima ni maji. Kitu kilicholowa kikikaushwa ndani ya saa 24 hadi 48, mara nyingi ukungu hauwahi kuota. Kikiendelea kulowa, unaweza kusugua kila Jumamosi na doa likawa limerudi kabla ya Jumamosi ijayo.

Maji yenyewe hutoka hewani. Hewa ya chumba hupita juu ya koili baridi, yaani mabomba yaliyopindwapindwa ndani ya kiyoyozi, mvuke hugeuka matone, matone hudondokea kwenye trei, na trei huyatoa nje kwa mpira mwembamba. Hewa ikiwa nzito kwa unyevu, kiyoyozi cha chumba kimoja tu kinaweza kujaza ndoo kwa siku. Njia hiyo ikikatika popote, maji yote hayo hushukia ukutani.

Kabla ya kukilaumu kiyoyozi, kizime kwa siku mbili tatu. Doa likianza kukauka, umempata mhusika. Likiendelea kulowa, tafuta bomba la maji ndani ya ukuta, au paa.

Kama ni kiyoyozi kweli, sababu hazilingani, wala hazitengenezwi na mtu mmoja. Inayotokea sana ni mpira wa kutolea maji kuziba kwa vumbi na utelezi unaoota ndani yake. Dalili yake ni kwamba nje hakudondoki kitu ilhali ndani kunadondoka. Hii unaiweza mwenyewe: vuta uchafu kutokea ncha ya nje kwa mashine ya kuvuta maji, halafu mimina maji taratibu kwenye trei uone kama yanatoka kule nje. Usipulize kwa nguvu kutokea nje kwenda ndani, maana tope lote litaishia kwenye trei, au ukutani.

Chujio chafu nalo ni la kwako. Hewa isipopita vizuri, koili hushuka baridi mpaka ikaganda barafu, na barafu ikiyeyuka maji huwa mengi kuliko trei inavyoweza kubeba. Utaliona hili zaidi baada ya kuzima: kiyoyozi kilikuwa kikipuliza hewa dhaifu, umekizima, na nusu saa baadaye kinamwaga. Osha chujio kwa maji, likauke kabisa, lirudishe.

Barafu ikitokea na chujio ni safi, huenda gesi imepungua. Hapo mwite fundi, usiguse. Ila jambo moja ulijue kabla hajafika: gesi ya kiyoyozi haiishi kwa kutumika. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, kwa hiyo ikipungua maana yake inavuja mahali. Fundi anayejaza bila kutafuta tundu anakuuzia huduma utakayoinunua tena. Ukimlinganisha na anayetoza zaidi lakini anatafuta palipotoboka na kupaziba, huyu wa pili ndiye wa bei nafuu.

Kuna pia kosa la kufunga. Kifaa kimeinamia upande usio na mpira, au mpira umepanda mgongo katikati ya safari. Ukiweka pimamaji juu ya kifaa utaona mara moja. Mpira unatakiwa kushuka mfululizo, angalau sentimita moja kwa kila mita. Na kuna kitu kinachofanana na kuvuja lakini sicho: bomba la shaba lililovuliwa sponji yake hutoka jasho, ukuta ukalowa kufuata mstari wa bomba wakati trei na mpira havina tatizo lolote. Tiba yake ni kulivika sponji upya, na wengi huambiwa wanunue kifaa kipya kwa sababu ya hiyo tu.

Kununua kipya huwa na maana pale koili imeliwa na kutu, trei imepasuka na ya kubadilisha haipatikani, au kifaa ni kikubwa mno kwa chumba. Hilo la mwisho watu hawalitegemei. Kiyoyozi kikubwa hupoza chumba haraka, kikazima kabla hakijakamua unyevu, kikawaka tena, kikazima tena. Chumba kinakuwa baridi na chepechepe. Kati ya kikubwa na kinacholingana na chumba, chukua kinacholingana.

Umeota juu ya nini?

Hapa ndipo uamuzi mzito ulipo, na ndipo watu hutupa vitu vya kubakiza na kubakiza vya kutupa.

Vigae, kioo, chuma, plastiki na ukuta wa rangi ya mafuta ni sehemu zisizonyonya. Ukungu unakaa juu tu. Hapo kusafisha kunatosha, na dawa yoyote ya maana itafanya kazi kwa sababu kinachoondoa ukungu hasa ni kusugua na kufuta.

Bodi ya gipsamu iko upande wa pili kabisa. Imefunikwa karatasi, na karatasi ikilowa ni karamu. Ukungu huota upande unaouona na ule wa ndani usiouona, nyuzi zake zikapenya katikati. Bonyeza kwa kidole: ikibonyea, au ikiwa imevimba na kupinda, usipoteze sabuni. Ikate uvuke ukingo wa weusi mpaka ufike penye bodi kavu na ngumu, uangalie na kilicho nyuma yake kabla ya kuziba. Dari ya gipsamu iliyojaa maji ni hatari zaidi kwa sababu inaweza kuanguka yenyewe. Usisimame chini yake ukiisugua.

Ukuta wa plasta ya saruji uko katikati, na ndio unaowachanganya wengi. Saruji yenyewe si chakula cha ukungu. Kinacholiwa ni rangi, skimu (tabaka laini linalopakwa kabla ya rangi) na vumbi juu yake. Kwa hiyo rangi iliyovimba ikwanguliwe yote mpaka penye plasta ngumu, paoshwe, halafu paachwe pakauke. Kukauka huko ndiko kunakokwamisha kazi: ukuta ulionyonya maji kwa miezi unaweza kuchukua wiki kadhaa, na kwa nje utaonekana mkavu siku ya tatu. Upime hivi. Bandika kipande cha nailoni ukutani, ukifunge kingo zote nne kwa gundi ya utepe, ukiache siku nzima au mbili. Matone yakitokea upande unaogusa ukuta, unyevu bado umo ndani. Yakitokea upande wa chumba, ukuta hauna kosa; hewa ya chumba ndiyo yenye maji mengi.

Mbao nzito husafishika: sabuni, kukausha, msasa. Mbao za kubandikwa za unga wa mbao, zile za makabati mengi ya siku hizi, zikivimba hazirudi, na ukungu umeshaingia ndani. Nguo zifue kwa maji ya moto na uzianike juani. Godoro, mito na zulia nene lililolowa kwa siku nyingi, toa. Najua godoro linauma kulitupa, lakini hakuna namna ya kusafisha kitu cha unene ule hadi katikati, na ndicho unachokilalia kwa saa nane na pua yako juu yake.

Usisahau kiyoyozi chenyewe. Ukimulika tochi kwenye mdomo wa hewa ukaona madoa meusi kwenye feni ya ndani, kila unapokiwasha unajipulizia spora. Chujio na ganda la nje utaosha mwenyewe. Feni na koili zinahitaji fundi wa kufungua na kuosha akiwa ametandika mfuko wa kukinga maji machafu. Usipulize jiki kwenye koili, maana inakula aluminiamu.

Sasa jiki na siki

| | Inafaa | Haifai | Tahadhari |
|---|---|---|---|
| Sabuni na maji | Sehemu zote ngumu, rangi ya mafuta, mbao nzito | Gipsamu, vitu vinavyonyonya | Usiloweshe ukuta kupita kiasi |
| Jiki | Vigae na mistari kati yake, kioo, plastiki | Mbao, gipsamu, chuma, vitambaa vya rangi | Usizidishe mililita 240 kwa lita 4 za maji |
| Siki nyeupe | Vigae, plastiki, plasta iliyokwanguliwa | Marumaru, terazo, mawe ya chokaa | Harufu; haiui kila aina ya ukungu |
| Haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 | Kama siki, hata penye mawe baada ya kujaribu pembeni | Vitambaa vya rangi | Acha dakika 10 ndipo usugue |
| Boraksi | Sehemu ngumu, mbao | Mahali watoto wanapofikia | Ni sumu ikimezwa |

Jiki ina sifa kubwa kuliko kazi yake. Juu ya kigae inaua na kung'arisha kweli. Juu ya kitu kinachonyonya, klorini hubaki juu na maji iliyochanganywa nayo hupenya ndani, kwa hiyo umeua uso na kuunywesha mzizi. Tena inaondoa rangi ya doa, na hilo ndilo linalodanganya: ukuta unang'aa, mwenye nyumba anafurahi, na kilicho ndani kiko palepale. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, halipendekezi jiki kama dawa ya kawaida ya kusafisha ukungu. Kwa sehemu ngumu linasema sabuni na maji, kisha ukaushe kabisa.

Sababu yake inafaa kueleweka. Spora iliyokufa bado inaweza kumletea mtu mafua ya mzio au kumbana kifua. Kuua peke yake hakusaidii, lazima uondoe. Ndiyo maana kitambaa na brashi vina thamani kuliko chupa. Mimi ningeanza na sabuni ya maji kila mahali penye ugumu, nikaleta siki isiyochanganywa na maji, au peroksaidi, kwa plasta iliyokwanguliwa, na jiki ningeiweka akiba kwa mistari ya vigae iliyobaki na weusi baada ya kuoshwa. Siki inahitaji kuachwa kama saa moja kabla ya kufuta; ukipuliza na kufuta papo hapo umepaka harufu tu.

Usichanganye dawa hizi kwenye ndoo moja. Jiki na siki hutoa gesi ya klorini. Jiki na amonia, iliyomo kwenye baadhi ya dawa za kusafishia vioo, hutoa kloramini. Zote mbili zinachoma mapafu, na bafuni au chumbani penye dirisha moja hazichukui muda kumlaza mtu. Hata kutumia moja baada ya nyingine bila kusuuza katikati ni kosa lilelile.

Na kupiga rangi juu ya doa? Ni kuuchelewesha tu. Rangi itavimba na kubanduka, ukungu utajitokeza na umekula rangi mpya. Rangi maalumu ya kuzuia ukungu ina nafasi yake, lakini baada ya ukuta kusafishwa na kukauka, kamwe si badala ya hayo.

Mwenyewe au mtaalamu?

Kipimo kinachotumika sana ni ukubwa: ukungu usiozidi takriban mita moja ya mraba, mtu mzima mwenye afya anaweza kuuondoa mwenyewe. Ukizidi hapo, afadhali watu wa kazi. Lakini ukubwa si kila kitu, na kuna mambo mawili ninayoyapa uzito kuupita.

La kwanza ni nani anaishi humo. Mwenye pumu, mwenye ugonjwa sugu wa mapafu, au mwenye kinga dhaifu asiwe ndiye anayekwangua, na asiwe chumbani kazi inapofanyika, hata doa likiwa la ukubwa wa sahani. La pili ni njia ya hewa. Kama nyumba ina kiyoyozi kimoja kinachosambaza hewa vyumba vyote kwa mabomba makubwa, na ukungu umo ndani ya mabomba hayo, kizime na uite wataalamu. Kukiwasha ni kupeleka tatizo la chumba kimoja kwenye vyumba vitano.

Ukiamua kufanya mwenyewe, vaa barakoa aina ya N95, ile inayochuja chembe ndogo za hewani, glavu ndefu za mpira, na miwani isiyo na matundu. Barakoa ya kitambaa haitoshi. Funga mlango wa chumba, fungua dirisha, usiwashe feni. Lowesha doa kidogo kabla ya kukwangua ili vumbi lisiruke, na vilivyokwanguliwa vitie kwenye mfuko uliofungwa humohumo chumbani. Kama nyumba ni ya kupanga, piga picha kabla ya kugusa chochote, doa na kiyoyozi vikionekana pamoja, halafu mtumie mwenye nyumba kwa maandishi.

Ukiamua kumlipa mtu, utakutana na ofa za namna tatu. Wapo wanaopuliza dawa kama mvuke chumba kizima na kuondoka baada ya saa moja. Wapo wanaoweka mashine ya kutoa gesi ya ozoni. Na wapo wanaokata, kusugua, kuvuta vumbi na kukausha. Wa kwanza ni wa haraka na mara nyingi bei yao inavutia, lakini dawa ya kupuliza haiondoi kilichoota wala haizibi panapovuja. Ozoni siipendekezi hata kidogo: kwa kiwango kisichodhuru watu haiui ukungu inavyotakiwa, na kwa kiwango kinachoua ni sumu kwa anayevuta hewa hiyo. Kazi ya wa tatu ni chafu, ina kelele, na ndiyo ya kulipia. Namna rahisi ya kuwatofautisha ni kuangalia wanaanza wapi. Anayefungua ganda la kiyoyozi na kuuliza maji yanatokea wapi ni tofauti na anayeanza kwa kutaja bei ya lita za dawa.

Kuhusu kupima aina ya ukungu maabara, mara nyingi hakuna haja. Ule "ukungu mweusi" unaotisha watu, Stachybotrys chartarum, hautambuliki kwa rangi. Aina nyingi za kawaida, kama Cladosporium na Aspergillus, nazo huonekana nyeusi. Tena matokeo hayabadilishi kazi: aina yoyote ile inaondolewa na ukuta unakaushwa. Ukilazimika kupima, labda kwa sababu ya mgogoro wa nyumba, hakikisha anayepima siye anayeuza kazi ya kuondoa.

Kukausha

Dirisha ni bure, lakini linafaa pale tu hewa ya nje ni kavu kuliko ya ndani. Msimu wa unyevu ukifungua dirisha usiku kucha unaingiza maji. Feni inakausha uso haraka, ila iwashwe baada ya ukungu kuondolewa, kwa sababu kabla ya hapo inatawanya spora. Kiyoyozi kwenye hali ya kukausha, chenye alama ya tone, kinafanya kazi nzuri kama uvujaji umeshatengenezwa. Mashine ya kupunguza unyevu ndiyo yenye nguvu kuliko zote kwa ukuta ulionyonya, na kwa wiki chache tu za kuihitaji ni busara kukodi au kuazima. Kifaa cha kusafisha hewa chenye chujio la HEPA, yaani la kunasa chembe ndogo sana, hunasa spora zinazoelea, lakini hakikaushi chochote. Kwa pesa zilezile ningechukua mashine ya kupunguza unyevu bila kufikiri mara mbili.

Nunua kipima unyevu kidogo ukiweke chumbani. Unatafuta chini ya asilimia 60, na ukipata kati ya 30 na 50 ni vizuri zaidi. Kama kiyoyozi chako kinaendelea kupuliza dakika kadhaa baada ya kuzimwa kwa rimoti, kinakausha koili yake. Usikate umeme ukutani kabla hakijamaliza. Chujio lioshwe mara moja kwa mwezi wakati kinatumika kila siku, na mpira ujaribiwe kwa maji kabla ya msimu wa joto kuanza.

Rangi isirudi mpaka jaribio la nailoni litoke kavu. Hapo paka praima, yaani rangi ya msingi, kisha rangi yenyewe, na kabati likirudi lisigusane na ukuta ule. Liachie nafasi ya upana wa kiganja ili hewa ipite na uweze kumulika tochi nyuma yake.